Rangi ya Nyambizi Haing'ai

Jumamosi, 15 Machi

Mzee Wangila amesema niandike Kiswahili kila siku, hata mstari mmoja, kwa sababu Mombasa hawatanielewa nikiwapelekea Kisoga changu na Kiingereza cha kuokoteza. Haya, naandika. Mimi ni Faizal wa Walukuba, Jinja. Ukiona boda imepita na tangi lake likakupiga macho mpaka ukaona pua yako ndani, hiyo nimeipaka mimi. Shule niliiacha Senior Two, yaani kidato cha pili. Mwalimu wa hesabu alisema mmoja wetu lazima atoke darasani, na yeye ndiye aliyekuwa na mshahara.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee Wangila alikuwa baharia katika jeshi la wanamaji la Kenya kabla hajaoa huku na kubaki. Rafiki yake wa boti moja, Mzee Obura, yuko Mbale, Namakwekwe, anauza vipuri vya baiskeli. Mvua hizi zikikaribia kuisha, Mzee Obura anahama, anarudi kwao Kenya asirudi tena. Mkwewe, Wasike, ni msimamizi wa wapaka rangi kwenye karakana ya meli Mombasa, naye amesema atapokea kijana mmoja, mradi mkono wake uwe mzuri na wazee wote wawili wamkubali. Wote wawili. Mmoja akikataa, nabaki hapa na matangi yangu mpaka ndevu ziote mvi.

Mkono ninao. Tatizo ni dogo tu. Mzee Obura aliniuliza kwa simu kama najua kuogelea, maana anayepaka meli huning'inia ubavuni juu ya ubao, chini yake maji. Nikamwambia, "Mzee, mimi ni mamba wa Nile." Ukweli ni kwamba maji yakinifika magotini naanza kusoma shahada. Lakini Mombasa watajuaje?

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Kompresa ya gereji imegoma. Nimefunga, nina kiu, na dada yangu Babirye anakaanga samaki mlangoni kwa makusudi.

Jumamosi, 22 Machi

Niieleze kazi ya wazee hawa, maana gereji nikiisema wananicheka. Wanapaka nyambizi. Si za kweli. Za plastiki, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, zinakuja vipande vipande ndani ya sanduku. Unagundisha, unapiga msasa, unapaka kwa brashi nyembamba kama ya kucha. Ashley, binti yake Mzee Obura aliye muuguzi ng'ambo, ametuma mbili zinazofanana kama pacha. Moja anaipaka Wangila hapa Walukuba, nyingine Obura kule Mbale. Siku ya kuagana watabadilishana, kila mmoja abaki na kazi ya mwenzake.

Nikamuuliza Mzee kama jeshi lao lilikuwa na nyambizi. Akasema hata moja. Ila waliwahi kuiona, ya wageni, asubuhi moja wakiwa doria mbali na pwani. Bahari tupu, halafu mgongo mweusi ukatoka kama wa kiboko, ukakaa, ukazama tena. Hakuna aliyefungua mdomo mpaka saa ya chai. Tangu siku hiyo boti yao waliiona kama karai.

Tena wana sheria yao. Kopo la rangi halifunguliwi kabla mtu hajatoa kumbukumbu ya kazi. Kumbukumbu kwanza, brashi baadaye. Leo Mzee ametoa ya mnyororo. Anasema alikuwa anapaka ubavu wa boti, kamba ya ubao ikakatika, akadaka mnyororo wa nanga, akaning'inia pale akiimba nyimbo za kanisani mpaka mpishi aliyekuja kumwaga maganda ya vitunguu akamsikia na kudhani ni malaika. Nimecheka nikashika mbavu. Kucheka hakuvunji saumu, nimeuliza.

Nilipofika nyumbani nikaanza kufanya mazoezi ya Kiswahili kwa sauti. Mama hakipendi. Kwake ni lugha ya askari waliogonga mlango kwa kitako cha bunduki alipokuwa msichana mdogo. Nikisema, "Fungua mlango, Mama," ananifungulia, lakini hanitazami.

Jumatano, 26 Machi

Nimepaka helmeti moja. Nyekundu. Mwenyewe hakuja kuichukua.

Jumanne, 1 Aprili

Iddi imepita. Nimekula pilau mpaka Babirye akasema sasa kweli nitazama. Babirye ni pacha wangu. Alitoka tumboni kabla yangu, na tangu hapo hajaniacha nisahau. Anauza samaki Masese, anaingia ziwani kama mtu anayeingia jikoni kwake. Kama dunia ingekuwa na haki yeye ndiye angepewa kazi ya meli, lakini yeye hajui kupaka hata kucha zake.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo Mbale. Nimekwenda peke yangu kujionyesha kwa Mzee Obura. Mlima Wanale ulikuwa umejaa maporomoko, meupe, kama mtu ameanika mashuka juu yake. Kumbe Obura ni mfupi, kifua kama pipa, sauti ya kuita feri. Mkewe, Mama Edinah, akanipa malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga, nikala kama sikuwahi kuona Iddi. Obura ananiita "mamba". Kila akiniita hivyo miguu yangu inahisi maji.

Nilimwonyesha mkono wangu. Alinipa ubawa mdogo wa usukani wa nyambizi yake na mabaki ya rangi ya jana nipake, nikapaka, akauinua kwenye mwanga, akanung'unika kwa namna nzuri. Mambo yalikuwa yanakwenda. Kisha akina baba wawili kutoka Malukhu wakaingia kununua mnyororo wa baiskeli, wakakaa kusubiri mvua ipungue, na Mzee Obura akaamua kutoa kumbukumbu mbele yao ndipo afungue kopo. Akatoa ya mnyororo wa nanga.

Ile ile! Kamba imekatika, nyimbo za kanisani, mpishi, maganda ya vitunguu, malaika. Ila aliyening'inia sasa ni yeye, Obura. Mimi mdomo wangu haujui breki. Nikasema, "Mzee, mnyororo huo una msongamano. Mzee Wangila naye yuko juu yake tangu mwezi uliopita. Nani kati yenu ananing'inia na nani anadanganya?"

Wale wa Malukhu wakacheka, mmoja akapiga paja. Mama Edinah hakucheka. Mzee Obura akalitazama kopo lililokuwa mkononi, akalirudisha rafuni bila kulifungua, akawauzia watu mnyororo wao. Hakuniita mamba tena mpaka naondoka.

Jumapili, 6 Aprili

Nilikwenda kwa Wangila moto moto, nimwambie nimemkamata mwongo, ama yeye ama mwenzake. Alinisikiliza huku akifuta brashi. Kisha akanieleza, polepole, kama anavyomweleza mtoto.

Wanabadilishana. Wamefanya hivyo tangu walipoacha jeshi. Mmoja anatoa kumbukumbu yake, mwenzake anamlipa kwa nyingine. Ukishaitoa si yako tena. Mwenzako ndiye ataisimulia, kwa mdomo wake, kama iliyompata yeye, na wewe ukiwepo unaruhusiwa kusahihisha jambo moja tu. Ya mnyororo ilikuwa kwake Machi. Siku ya Iddi alimrudishia Obura kwa simu, akalipwa ya nahodha aliyelia kwa sababu ya jino.

Nikauliza, "Sasa nani aliyening'inia kweli?"

Akafikiri sana. "Imekwenda na kurudi mara nyingi," akasema. "Mimi nahisi baridi ya chuma kwenye viganja. Obura naye anaihisi."

"Na mnafanya hivyo kwa nini?"

"Kwa sababu mmoja atatangulia, Faizal. Hatutaki aondoke na zote."

Nikamwambia angenieleza mapema. Akasema sikuuliza, nilicheka. Halafu akaniambia Obura amepiga simu, anasema kijana ana mkono lakini mdomo wake unavuja. Ikibaki hivyo, Mombasa nisahau.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Walukuba yote ni matope. Sitaki kukaa, sitaki kusimama. Nimepiga msasa tangi moja mpaka likatoboka.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua, na jamaa niliyemtobolea tangi anataka kunitoboa mimi.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimejiua.

Nieleze kwa mpango. Ni Pasaka, Mzee Wangila yuko kanisani tangu jana. Nyambizi yake imekamilika: juu nyeusi iliyofifia, chini nyekundu ya kutu, mnara wake umechorwa vidirisha vidogo kama jicho la sisimizi. Ameifanyia kazi tangu kabla ya Ramadhani. Aliniachia ufunguo niiangalie isipate unyevu, basi. Niiangalie tu.

Nikaiangalia. Nikaona imepooza. Nyeusi, ndiyo, lakini nyeusi ya sufuria. Nikafikiri: Mzee Obura ameniona na mdomo, hajaniona na kompresa. Akiipokea hii inawaka kama tangi la boda mpya, ataona uso wake mle ndani, atasahau habari za mnyororo, ataniita mamba tena. Nikaifunga kwenye shati, nikaipeleka gereji. Nikachanganya nyeusi ya magari na thina, nikapuliza tabaka moja jembamba, taratibu, kazi safi. Kisha klia, ile vanishi ya kung'arisha magari, juu yake ili ing'ae.

Iling'aa. Wallahi, kwa muda wa kuweka bunduki ya rangi chini na kuita watu, ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyopaka maishani. Halafu ngozi yake ikaanza kujikunja. Kama utando wa maziwa ukiupulizia. Ubavu ukaingia ndani, vidirisha vikayeyuka vikawa machozi, na mnara ukainama upande mmoja polepole, kama mlevi anayetafuta ukuta. Nilishika, kidole changu kikazama. Bado alama iko pale.

Thina ya magari inakula plastiki. Kila mtoto wa gereji anajua hivyo. Tunanunua thina kwenye vyupa vya kioo na mikebe ya bati, hatuitii kwenye plastiki hata siku moja, na mimi ndiye huwapigia kelele wengine wakisahau. Ila nilipoiona ile sikuona plastiki. Niliona meli.

Jumatatu, 21 Aprili

Niliificha siku mbili kwenye sanduku la viatu. Leo nimeipeleka. Mzee alikuwa bado na suti yake ya Pasaka. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, mengine kwa Kiswahili kizuri sana. Alifungua kifuniko na maneno yote yakakimbia.

Hakunitukana. Hilo lilinitisha. Akaigeuza, akaisogeza dirishani.

"Umeipuliza nini?"

"Rangi ya magari. Na thina yake. Na klia juu."

"Klia ya nini?"

"Ing'ae, Mzee."

Akaketi. Akavua miwani. "Faizal, tulipoiona ile siku ile, kilichotuogopesha si ukubwa. Haikuwa na mng'ao hata kidogo. Jua lilikuwa juu yake na haikurudisha kitu. Nyambizi inayong'aa ni jeneza la watu walio ndani."

Kisha akaniambia Jumamosi twende Mbale pamoja, na sanduku nitalibeba mimi mwenyewe.

Ijumaa, 25 Aprili

Sijalala vizuri wiki nzima. Babirye anasema natembea nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilidhani Mzee Obura atapiga kelele ya kuita feri. Aliitazama ile maiti, akamtazama Wangila, wakaanza kucheka. Walicheka mpaka Obura akashika meza. Eti imepigwa na adui. Eti hii ndiyo ya kweli, ile nyingine ya dukani. Mimi nikajaribu kucheka nao, Obura akanyamaza mara moja akaninyooshea brashi.

"Wewe unadaiwa," akasema. "Aliyeharibu chombo analipa. Tutaipaka upya hivyo hivyo na makunyanzi yake, nitaichukua. Lakini kopo halifunguki mpaka utoe kumbukumbu. Yako. Nikiipokea, si yako tena."

Kwa hadithi, mimi ndiye mwenyewe. Nikatoa ya trafiki niliyemkimbia na pikipiki isiyo na taa mpaka daraja la Nile. "Weka pale," akasema Obura, maana yake hataki. Nikatoa ya boda niliyoipaka usiku ikauzwa asubuhi kama mpya. "Weka." Nikatoa ya msichana wa Bugembe. Mama Edinah, aliyekuwa akiosha vyombo nyuma ya pazia, akasema, "Hiyo weka mbali kabisa." Wangila hakusaidia. Alikaa na mikono magotini.

Nikajaribu nyingine, na nyingine. Obura akasema, "Kijana, zote umezipiga klia."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Sijui kwa nini ikanijia ile. Labda kwa sababu ya mvua. Nikawaambia Masese, tulipokuwa wadogo, mimi na Babirye tukimsubiri shangazi alete samaki. Nilitaka kuruka kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine, watoto wengine waone. Nikaruka, mtumbwi ukasogea. Nikawaambia jinsi maji ya chini yalivyokuwa ya kijani, na baridi iliyoko chini ya ile baridi ya juu, na kwamba sikupiga hata mkono mmoja. Nilishuka nimesimama, macho wazi, nikiwaza tu kwamba viatu ni vya kuazima. Kitu kikanishika shingoni. Alikuwa Babirye. Alinivuta mpaka kwenye mawe, akanigonga mgongo nikatapika, kisha akanipiga kofi. Hatukumwambia mama. Toka siku hiyo sijaingia majini zaidi ya magoti.

Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Mzee Obura akachukua bisibisi, akafungua kopo.

"Kwa hiyo mamba haelei," akasema.

"Haelei, Mzee."

"Naipokea," akasema, akanipa brashi. Tulipaka watatu mpaka giza. Nyeusi iliyofifia juu ya makunyanzi. Lazima niseme inatisha vizuri.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua kidogo. Napaka tangi la kijani.

Jumapili, 4 Mei

Mama ameniuliza Mombasa ni mbali kama Nairobi, au mbali zaidi. Aliniuliza kwa Kiswahili. Kibaya, lakini Kiswahili.

Jumamosi, 10 Mei

Kumuaga Mzee Obura, Namakwekwe. Duka limebaki rafu tupu na harufu ya grisi. Majirani walijaa, hata wale wa Malukhu. Wazee wakabadilishana nyambizi zao, Obura akachukua ile iliyokunjamana, Wangila akapewa ile nzima. Watu wakadhani Obura amepunjwa.

Kisha akasimama kutoa kumbukumbu. Akasema, alipokuwa mtoto, yeye na pacha wake wa kike, waliruka mitumbwi ziwani. Nikaganda. Alisimulia yote, yeye mtu mzima mwenye kifua cha pipa: alivyoshuka amesimama, macho wazi, akiwaza viatu vya kuazima. Watu walimcheka, baharia mzima kuokolewa na msichana. Akaacha wamcheke. Akasema dada alimvuta kwa sikio.

Sheria inaruhusu jambo moja. Nikasema, "Ilikuwa kola, Mzee."

"Kola," akakubali, akaendelea. Nilikaa pale nikahisi mtu amenitua mzigo, halafu nikatamani kidogo kumnyang'anya.

Ndipo mambo yetu yakaja. Obura akasema mbele ya wote kwamba kwake yeye naenda. Mkono ninao, mdomo umeanza kuziba, na karakana ina makoti ya kuelea, nitavaa. Nikamgeukia Wangila. Mzee wangu. Huyu ndiye aliyenianzisha, huyu nilijua yuko mfukoni tangu siku ya kwanza.

"Mimi nakataa," akasema Wangila.

Mama Edinah akaacha kufunga mzigo.

"Koti huvuliwa likileta joto, wewe unajua, Obura. Siwezi kumtuma mtoto wa watu juu ya maji asiyoweza kuyaogelea. Akielea, nitakwambia."

Obura akanishika bega, akasema Wasike atangoja kidogo, na kwamba neno limebaki kwa Wangila. Akapanda gari na Mama Edinah, wakaondoka. Wangila alisimama barabarani muda mrefu baada ya gari kupotea.

Jumapili, 11 Mei

Siendi kwake tena. Na aelee yeye.

Jumanne, 13 Mei

Siendi.

Jumatano, 14 Mei

Babirye amesema, "Unataka Mombasa au unataka kununa?" Nikasema vyote. Akanishika kola. Hiyo hiyo kola.

Alhamisi, 15 Mei

Masese, alfajiri. Nimeingia mpaka kifuani nikimshika Babirye kama mbuzi anayepelekwa bucha. Wavuvi wanatazama. Babirye ana sauti kuliko Mzee Obura. "Lala! Lala juu ya maji, mjinga, hayakudai kitu!" Nimekunywa ziwa. Naandika hili huku pua inawaka.

Jumapili, 18 Mei

Nimelala juu ya maji. Kidogo. Anasema ni kwa sababu kichwa changu hakina kitu.

Jumatano, 21 Mei

Nilipita kwa Wangila leo kwa bahati mbaya, yaani nilizunguka njia ndefu ili nipite kwa bahati mbaya. Alikuwa barazani. Mbele yake sanduku jipya la nyambizi aliloachiwa na Obura, vipande vimepangwa juu ya gazeti, na kopo la rangi limefungwa. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Nilisimama nyuma ya ua wa jirani nikasikiliza. Alikuwa anatoa kumbukumbu ya nahodha na jino. Hakuna mtu. Akafika mwisho, akangoja, kama anavyongoja mwenzake asahihishe, kisha akalitazama lile kopo na hakulifungua.

Nikaondoka kwa upole. Sikuingia. Bado nilikuwa nimekasirika, ila hasira ilikuwa imeingia maji.

Jumamosi, 24 Mei

Nilikwenda. Sikusema samahani wala yeye hakusema. Nilimwambia jinsi Babirye alivyonitupa ziwani mbele ya wavuvi wote na shangazi yangu. Akacheka. Akafungua kopo.

Jumanne, 27 Mei

Jua. Siku nzima jua. Natoka, narudi, natoka. Nikiona lori lenye namba za Kenya nalifuata kwa macho mpaka kona.

Jumamosi, 31 Mei

Wangila alikuja Masese mwenyewe, na viatu vya mvua ingawa mvua imekwisha, na kiti chake cha kukunja. Leo ndiyo siku ya kunipima. Kuna jiwe kubwa ndani ya maji, mbele ya pale wanapofungia mitumbwi, ndege weusi hukaa juu yake. Babirye alikuwa ameniambia nikilifikia na kurudi, nimemaliza shule, na hii angalau sitaiachia Senior Two.

Nikaenda. Sikuogelea vizuri, nisijidanganye. Nilipiga maji kama mama anayefua. Lakini chini yangu ilikuwepo ile kijani, nikaitazama, nikaendelea. Niligusa jiwe. Ndege wakaruka. Nikarudi. Nilipokanyaga mchanga nilitaka kupiga kelele Walukuba yote isikie.

Wangila alikuwa na simu sikioni. Alipoona nimefika akaifungulia spika, sauti ya Obura ikajaa ufukweni pote.

"Wangila! Wasike yuko hapa kando yangu. Ana nafasi sasa, sio kesho. Huyo kijana anaelea?"

Mzee alikuwa ananitazama. Maji yalikuwa yananichuruzika puani. Aliniona nikienda na aliniona nikirudi, hakukuwa na kitu kati yetu isipokuwa jua. Nikangoja lile neno.

"Bado," akasema.

Babirye, ndani ya maji, akageuka.

"Bado kidogo, Obura. Anajaribu. Mwezi mwingine hivi."

Nilifungua mdomo. Kitu chote nilichotaka tangu mvua ya kwanza kilikuwa pale ulimini, mistari miwili tu: Mzee Obura, huyu anakudanganya, nimegusa jiwe, muulize dada yangu. Ningeweza. Nilishafanya hivyo Namakwekwe mbele ya watu wa baiskeli, na kwa jambo dogo kuliko hili. Wangila hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anatazama viatu vyake vya mvua, na sikio lake moja, lile lisilo na simu, lilikuwa limegeukia kwangu kama la mtu anayesubiri kofi. Nikaliona lile kopo la barazani, ambalo hakulifungua.

"Faizal, ni kweli?" akauliza Obura. "Bado?"

"Ni kweli, Mzee," nikasema. "Nikifika katikati nachoka. Nahitaji mwezi."

Obura akatoa pumzi. Akasema Wasike atachukua mwingine sasa, lakini nafasi huwa zinarudi, nisikate tamaa, mamba. Akakata.

Babirye alikuwa amesimama ndani ya maji na gauni lake limemshika miguuni. Alinitazama kwa muda ambao hajawahi kunitazama bila kunitusi. Kisha akatoka majini akaanza kupanga kapu lake.

Wangila alikunja kiti. Kilimkatalia, nikamsaidia. Tulipanda pamoja mpaka barabarani, yeye mbele, viatu vyake vikilia plapu plapu juu ya vumbi.

Nitaondoka. Hilo liandikwe, na Mama alisome. Mwezi ukiisha nitamwambia Wangila mwenyewe, uso kwa uso, na safari hiyo nitataka jibu la kweli. Lakini tulipofika kwake alikwenda moja kwa moja mezani, akasogeza kiti cha pili, kile alichokuwa akikalia Obura akija, akakifuta kwa mkono wake.

"Anza wewe," akasema, akaliweka kopo mbele yangu.

Nikakaa.